Betri za lithiamu: Moto unaolala chumba kimoja na mpangaji

KATIKA chumba kimoja cha kupanga Manzese jijini Dar es Salaam, au Mathare jijini Nairobi, si ajabu kukuta betri za lithiamu zisizopungua tano. Mbili zimo ndani ya simu zinazotumika, moja ndani ya pawabenki, moja ndani ya taa ya kuchaji iliyonunuliwa wakati wa mgao wa umeme, na nyingine ndani ya simu mbovu iliyosahauliwa kwenye droo kwa matumaini kwamba siku moja fundi ataifufua.

Kwa wenye kipato kikubwa zaidi orodha ni ndefu. Kuna kompyuta mpakato, spika, mashine ya kunyolea, drili na, kwa kasi inayoonekana, betri kubwa ya ukutani inayohifadhi umeme wa jua.

Betri hizo, ambazo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991 na ambazo ziliwapatia wagunduzi wake watatu Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, zimewaondolea wananchi wengi adha ya giza na ya kutafuta mahali pa kuchajia simu. Hapana shaka kwamba faida zake ni nyingi kuliko madhara.

Hata hivyo, zimeingia katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa kuzifikiria. Ushauri unaotolewa kuhusu namna ya kuzihifadhi nao umeandikwa zaidi kwa ajili ya watu wenye nyumba za namna nyingine. Ushauri huo husema betri iwekwe katika banda la gari, stoo ya nje au chumba kisicholaliwa na mtu. Mpangaji wa chumba kimoja hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachokuwa nacho ni mlango mmoja, dirisha lenye nondo, godoro la sponji na chandarua.

Swali linalojitokeza, kwa hiyo, ni mtu huyo afanye nini, na ni sehemu gani ya mzigo huu isiyostahili kuwa yake.

Kwa miaka mingi familia za Afrika Mashariki zimeishi na betri za aina nyingine. Betri kavu za redio zilipochoka zilianikwa juani, au ziliumwa kwa meno, ili zitoe nguvu ya mwisho ya kusikilizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mazoea hayo hayakuwa ya kijinga, kwa kuwa joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya betri kavu na kuipa uhai wa muda mfupi. Betri ikiharibika kabisa ilivuja majimaji yenye kutu, na hasara ikaishia kwenye redio.

Betri ya lithiamu haina uvumilivu huo, na mkono uliozoea kuanika betri juani au kuigonga ukutani ndio huo huo unaoishika leo.

Ndani ya seli moja ya lithiamu kuna karatasi mbili ndefu za metali, moja ya shaba na nyingine ya alumini, zilizopakwa kemikali na kuviringishwa pamoja mithili ya mkeka. Kinachozitenganisha ni utando wa plastiki ambao unene wake ni takriban sehemu mbili za mia moja za milimita. Vyote hivyo vimeloweshwa katika kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi.

Utando huo ukitobolewa, ukibonyezwa au ukiyeyuka, jambo linaloanza kutokea joto likifika karibu nyuzi 130 za Selsiasi, pande mbili hukutana na nishati yote iliyohifadhiwa hutoka kwa mkupuo mmoja ikiwa joto. Joto hilo huamsha kemikali nyingine zinazozalisha joto zaidi. Seli ya kwanza huichoma ya pili, na ya pili huichoma ya tatu.

Katika aina nyingi za betri hizi, oksijeni inayolisha moto hutoka ndani ya betri yenyewe. Ndiyo maana kuifunika kwa blanketi, kama ilivyozoeleka kwa moto wa jiko la mafuta ya taa, hakuuzimi moto huo. Moshi wake nao una haidrojeni, kaboni monoksaidi na haidrojeni floraidi, gesi ambazo katika chumba kidogo humdhuru mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia.

Ikumbukwe kwamba si betri zote za lithiamu zilizo sawa. Zile za chuma na fosfati, ambazo hutumika katika mifumo mingi ya umeme wa jua na baadhi ya taa, huhitaji joto kubwa zaidi kabla ya kuanza kujichoma. Betri za simu na kompyuta kwa kawaida huwa na kobalti au nikeli, na hizo ndizo zenye hasira zaidi.

Sekta iliyojifunza mapema namna ya kuhifadhi betri hizi ni ile ya usafiri wa anga, na ilijifunza kwa msiba. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, ilishika moto angani ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Ilianguka Dubai ikijaribu kurudi kutua, na marubani wake wawili walifariki dunia.

Kuanzia Aprili 1, 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku betri za lithiamu za kuchaji kusafirishwa kama shehena peke yake katika ndege za abiria. Kwa ndege za mizigo, liliagiza kwamba betri hizo zisizidi asilimia 30 ya chaji.

Agizo hilo la asilimia 30 lina somo ambalo halijawafikia watu wengi majumbani. Betri iliyojaa ina nishati nyingi ya kutoa ikiharibika, na kemikali zake hazijatulia. Betri yenye chaji ndogo inaweza kuharibika kwa namna ile ile, lakini moto wake huwa dhaifu zaidi na pengine usitokee kabisa.

Mazoea ya majumbani ni kinyume chake. Kutokana na kutoaminika kwa umeme, kila kitu huchajiwa hadi kijae na kuwekwa tayari. Pawabenki hukaa kabatini ikiwa asilimia 100 kwa wiki kadhaa ikisubiri umeme ukatike.

Wakati wa mgao ulioikumba Tanzania mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, tahadhari hiyo ilikuwa na mantiki. Mgao ulipungua baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme Februari 2024, lakini mazoea yamebaki.

Mbali na usalama, kuna suala la fedha. Kwa takwimu zinazonukuliwa sana na wataalamu wa betri, betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa, katika nyuzi joto 25, hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa ikiwa na asilimia 40, hubaki na asilimia 96. Joto likifika nyuzi 40, hali ambayo si ngeni chini ya paa la bati lisilo na dari mwezi Februari, betri iliyojaa hubaki na asilimia 65 tu.

Kwa betri isiyotumika, kiwango kinachofaa ni kati ya asilimia 40 na 60. Iwekwe mahali pakavu penye kivuli, na ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Kuiacha ikauke kabisa nako kuna hatari yake. Chaji ikishuka kupita kiasi, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kujipanga upya mahali pasipotakiwa, na siku betri hiyo inapochajiwa tena huweza kujipiga shoti ndani kwa ndani. Simu iliyolala kwenye droo kwa miaka miwili haipaswi kuchomekwa usiku na kuachwa.

Jokofu, ambalo baadhi ya watu hulipendekeza, halifai, kwa kuwa betri inapotolewa hutoka jasho, na maji hayo huingia kwenye viungo vyake. Kwa taa za jua ambazo paneli yake hutenganishwa kwa waya, paneli ndiyo ipandishwe juu ya bati. Taa yenyewe ikae kivulini.

Lakini kiwango cha chaji ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jiji la New York, Marekani, ambako wasambazaji wa vyakula, wengi wao wahamiaji wanaoishi katika vyumba vya kubanana, hutumia baiskeli za umeme na kuzichaji nyumbani. Mwaka 2019 idara ya zimamoto ya jiji hilo ilihesabu matukio 30 ya moto uliotokana na betri za lithiamu. Mwaka 2023 yalifikia 268, na watu 18 walipoteza maisha.

Mwaka huo huo jiji lilianza kutumia sheria inayozuia kuuza baiskeli na betri za umeme ambazo hazijapimwa na maabara zinazotambuliwa. Mwaka 2024 likafanya majaribio ya vituo vya kuchajia nje, mitaani.

Matokeo ya mwaka 2024 yanastahili kutazamwa kwa makini. Matukio hayakupungua, yaliongezeka kidogo hadi 277. Vifo, hata hivyo, vilishuka hadi sita. Sehemu ya maelezo ni kwamba moto wa ndani ya majengo ulipungua na ule wa nje ukaongezeka. Betri ziliendelea kuwaka, lakini mara chache zaidi zikiwa kati ya watu na mlango wao.

China ilikuwa imeliona jambo hilo mapema. Tangu Agosti 2021, kanuni za nchi hiyo zinakataza kuegesha au kuchaji baiskeli za umeme katika ngazi, kumbi na njia za kutokea za majengo marefu. Hata hivyo, Februari 23, 2024, moto ulioanzia ghorofa ya chini palipokuwa pameegeshwa baiskeli za umeme, katika jengo la makazi mjini Nanjing, uliua watu 15.

Ukirudisha somo hilo Manzese, mambo mengi hubadilika. Ushauri wa kwanza kwa mpangaji wa chumba kimoja si kununua kifaa chochote, bali ni kuhamisha soketi ya nyongeza. Kitu kinachochajiwa kisiwe kati ya kitanda na mlango. Ikiwa soketi pekee iko kando ya mlango, basi kuchaji kufanyike mchana watu wakiwa macho, na usiku kichomolewe.

Ushauri wa pili unahusu kitanda. Simu inayochajiwa chini ya mto au ndani ya chandarua haipati hewa, joto lake hupanda, na vitu vya kwanza kuguswa na moto ni sponji na nailoni. Sahani ya udongo juu ya sakafu ya saruji ni mahali bora kuliko kitanda cha bei yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo miongozo ya nchi za nje hailitaji, kwa kuwa halitokei kwao mara kwa mara. Umeme ukikatika saa mbili usiku, vifaa huachwa vimechomekwa ili umeme ukirudi vijichaji vyenyewe. Umeme hurudi saa nane usiku. Simu mbili, pawabenki na taa huanza kuchajiwa kwa pamoja katika soketi moja ya nyongeza, na hakuna aliye macho wa kusikia harufu. Swichi ya soketi izimwe kabla ya kulala. Ni usumbufu, na asubuhi simu inaweza kuwa haina chaji, lakini hilo linavumilika.

Betri iliyovimba ni habari nyingine. Kuvimba maana yake ni kwamba gesi imeanza kutengenezwa ndani. Isichajiwe tena, isibonyezwe ili kifuniko kifunge, wala isitobolewe kwa pini kama baadhi ya vijana wanavyofanya. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa gundi, iwekwe nje katika chungu au sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mbali na dirisha, bila kufunikwa kwa kubana.

Ikishika moto ikiwa kifaa kidogo, umeme ukatwe kwanza kwenye swichi, kisha yamwagwe maji mengi, kwa kuwa kinachotakiwa ni kuipoza. Mchanga unaweza kuzuia cheche, lakini haupozi, na betri inayoonekana imezimika huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Kwa betri ya pikipiki au ya ukutani hakuna cha kupambana nacho: watu watoke, mlango ufungwe nyuma yao, na zimamoto waitwe, namba 114 kwa Tanzania na 999 kwa Kenya. Katika mitaa ambayo gari la zimamoto haliwezi kupenya, kutoka mapema ndiyo kinga yenyewe.

Hayo ndiyo yaliyo katika uwezo wa mwenye chumba. Yaliyo nje ya uwezo wake ni mengi zaidi, na huko ndiko mamlaka zinakopaswa kuulizwa.

La kwanza ni soko. Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) limekuwa likitumia utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka tangu mwaka 2005, na lile la Tanzania (TBS) tangu 2012. Utaratibu huo hukamata shehena za makontena. Ni vigumu zaidi kukamata bidhaa zinazoingia ndani ya mabegi, au zinazounganishwa hapa hapa kwa seli zilizochomolewa katika kompyuta mbovu na kuvishwa ganda jipya.

Mnunuzi anaweza kujikinga kidogo kwa hesabu. Seli ya kawaida ya mviringo, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hubeba mAh 3,500 hivi ikiwa ya ubora wa juu kabisa, na uzito wake hukaribia gramu 48. Pawabenki iliyoandikwa mAh 50,000 ingehitaji seli zisizopungua 14, yaani karibu gramu 700 kabla ya kuhesabu ganda. Inayopatikana mitaani kwa maandishi hayo mara nyingi hukaa katika mfuko wa shati. Muuzaji aliyedanganya kuhusu ujazo hakuna sababu ya kumwamini kuhusu usalama.

Haina maana kwamba jina kubwa ni kinga kamili. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7, kiasi cha milioni 2.5, na hatimaye kuacha kabisa kuzitengeneza. Juni 2025 kampuni ya Anker ilirudisha zaidi ya pawabenki milioni moja zilizouzwa Marekani. Tofauti ni kwamba kampuni hizo zilikuwa na namba za bidhaa na njia ya kuwafikia wateja. Pawabenki isiyo na jina iliyonunuliwa barabarani Kariakoo au Luthuli haina pa kurudishwa.

La pili ni pikipiki za umeme, na hapa eneo hili lina bahati ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Kampuni kama Ampersand, iliyoanza Kigali mwaka 2019 na kuingia Nairobi baadaye, na Spiro, zimejenga biashara yao juu ya vituo vya kubadilishia betri. Dereva wa bodaboda huacha iliyoisha na kuondoka na iliyojaa, na kuchaji hufanyika kituoni. Msukumo mkubwa wa mpango huo ulikuwa bei, kwani betri ndicho kifaa ghali zaidi katika pikipiki na dereva hana muda wa kusubiri. Lakini matokeo yake ni kwamba kazi ambayo New York ilifanyika vyumbani, Kigali hufanyika mbali na vitanda.

Bahati hiyo inaweza kupotea. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme, na kadiri soko linavyokua katika nchi zote za eneo hili, pikipiki za bei nafuu zinazochajiwa kwa soketi ya kawaida zitazidi kuingia. Pasipokuwa na kanuni kuhusu mahali pa kuzichajia, dereva aliyepanga chumba ataingiza betri yake ndani usiku kwa sababu moja ya msingi: akiiacha nje itaibwa. Hakuna tangazo la redio litakalombadilisha mawazo. Banda lenye kufuli na soketi, uani au mtaani, linaweza. Hilo ni jambo ambalo halmashauri na wenye nyumba wanaweza kulifanya sasa, kabla idadi haijawa kubwa.

La tatu ni mwisho wa betri. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki Bugesera, na Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka hizo. Lakini kwa mkazi wa kawaida wa miji mingi ya Afrika Mashariki, betri iliyovimba ina njia mbili tu: kurudi kwenye droo, au kwenda kwenye gari la taka ambako hubanwa na kusagwa pamoja na karatasi na plastiki hadi dampo la Pugu Kinyamwezi au Dandora, mahali ambapo kuna watu wanaookota kwa mikono.

Maduka ya simu na mawakala wa kampuni za simu wapo karibu kila mtaa. Vocha na huduma za kifedha zimesambazwa kwa mtandao huo huo. Ndoo ya chuma yenye mchanga katika kila duka la aina hiyo, na gari la kuikusanya mara moja kwa mwezi, haihitaji teknolojia mpya. Inahitaji mtu wa kulipa gharama, na hadi sasa waagizaji wa betri hizo hawajaulizwa kwa ukali kama wanaweza kuwa wao.